Blanketi la Mama Bilha

Mwaka wa hamsini na moja watoto wachanga wa Tuwan walivaa sare. Ungepita katika vichochoro vya mtaa huo wa Kitale asubuhi ya Julai, baridi ikiwa bado imekaa juu ya mabati, ungewaona migongoni mwa mama zao: huyu kavaa kofia nyeupe yenye mistari ya buluu, yule kigauni cha mistari hiyohiyo, mwingine kafunikwa kishali cha vipande kumi na vitano vilivyoungwa pamoja, mistari ya hiki ikipanda juu na ya kile ikienda kando.

Aliyewavika wote alikuwa Lenah, mke wa Eliakim Mukhisa, fundi cherehani. Eliakim alishona kwenye baraza la duka la Velji, na kila mwaka duka hilo lilipewa kazi ya kushona pajama za shule moja ya bweni ya watoto wa Wazungu. Zilishonwa kwa flaneli, kitambaa laini chenye vinyoya, kinachoshika joto kama kuku aliyelalia mayai. Fundi akishakata pajama, masalio hubaki: mapande ya shingo yaliyopinda kama mwezi mchanga, pembe za kwapani, na vile virefu vyembamba vya mwisho wa jora.

"Chukua tu," Velji alimwambia Eliakim. "Hapana faa kitu. Mimi nachoma."

Eliakim akavipeleka nyumbani, Lenah akavipa kazi. Mwaka huo alianza na binti wa jirani yake Waruguru, aliyezaliwa mapema akiwa mdogo kiasi cha kutosha ndani ya sufuria ya ugali. Lenah alimshonea kigauni, kofia na kishali kwa siku mbili, na mtoto akaacha kuwa na midomo ya buluu. Habari zikasambaa. Wanawake wakaja na mayai, wakaja na kabeji, wengine wakaja mikono mitupu na aibu, na Lenah hakumrudisha mtu. Binti yake mwenyewe, Jentrix, alikuwa na miaka sita sasa na hakuhitaji tena kigauni cha mtoto, lakini mikono ya Lenah haikuwa imechoka kuvishona.

Jumatatu moja alikuwa sokoni na Waruguru wakichagua viazi, gari la shule likasimama. Akashuka mwanamke mrefu wa Kizungu aliyevaa sweta ya kijivu. Huyu alikuwa metroni, mlezi wa watoto wa shule ile ya bweni. Mafundi wa baraza walimwita Memsabu Vifungo, kwa sababu hakupokea pajama hata moja kabla ya kuhesabu vifungo vyake. Alikuwa akielekea kwa muuza mayai. Macho yake yakatua kwenye mgongo wa Waruguru, naye akasimama.

"Wewe," alisema. "Wapi natoa hii?"

Waruguru aligeuka. "Nini, Memsabu?"

Memsabu alivuta kishali mgongoni mwa Waruguru, akamtoa mtoto kwenye ubeleko, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua kabeji kama ina wadudu. Mtoto akaanza kulia. Watu wa viazi wakaacha viazi.

"Hii kitambaa ya shule yangu," Memsabu alisema.

"Huyo ni mtoto wangu!" Waruguru alimpokonya binti yake. "Kitambaa ni masalio. Ni mama Jentrix alinishonea, huyu hapa. Ati kuna makosa gani mtoto kuvaa nguo?"

Memsabu akamtazama Lenah. Kisha akatazama soko zima, na hapo ndipo alipoziona: kofia pale kwa muuza maziwa, kigauni kule kwa mama wa mboga, na mtoto wa tatu amekaa juu ya gunia la maharagwe katika suruali ndogo ya mistari ya buluu, akinyonya kidole. Uso wa Memsabu ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Alirudi kwenye gari bila mayai, likaelekea dukani kwa Velji.

Lenah alihisi watu wote wakimwangalia. Hakuwa ameiba uzi hata mmoja maishani mwake, na bado aliinamisha uso kama mwizi.

*

Lenah alipofika dukani akikimbia, Memsabu alikuwa amekwisha kuingia. Baraza lilijaa watu, kwa kuwa mahali penye aibu ya mtu hapakosi watazamaji. Eliakim alikuwa amesimamishwa kando ya cherehani yake, na Velji alikuwa akiupekua mfuko wake mbele ya wote. Vikatoka viazi vitamu viwili vilivyochemshwa, mkasi mdogo, na kipande cha flaneli kisichozidi kiganja.

"Majora kumi kila mwaka," Memsabu alikuwa akisema. "Pajama sitini kila mwaka. Mwaka huu hamsini na mbili. Iko wapi nane? Mimi naona nane kule sokoni. Natembea kwa miguu ya toto!"

Kijana mmoja wa dukani alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

"Memsabu, mimi sijaiba," Eliakim alisema. Alikuwa mtu wa sauti ya chini siku zote. "Nilimwambia Bwana Velji tangu Mei. Nilisema, bwana, kitambaa hiki kinanibana, mikono ya pajama haikai. Si nilikwambia?"

Velji alijipangusa jasho. Alikuwa mtu mnene, mwoga wa hasara na mwoga zaidi wa Wazungu, lakini hakuwa mtu mbaya. "Yeye nasema," alikiri. "Mimi nasema, jora ni jora, kata. Karatasi nasema inchi thelathini na sita. Ile ile ya mwaka jana."

"Basi kama jora ni ile ile, kitambaa naenda wapi?" Memsabu aliuliza.

Memsabu akatoa hukumu yake: angerudi Jumamosi saa sita mchana kuchukua pajama zake. Akikuta nane hazipo wala maelezo hayapo, angepita polisi. Mpaka siku hiyo fundi yule asiguse cherehani.

Eliakim aliviokota viazi vyake viwili kutoka sakafuni. Kimoja kilikuwa kimekanyagwa. Alikifuta kwa mkono, akakirudisha mfukoni, akashuka ngazi za baraza bila kumtazama mtu yeyote, hata mkewe.

*

Nyumbani alikaa kitandani bila kuvua viatu. Lenah alimpa chai, ikapoa mkononi mwake.

"Tutarudi kwetu Kibabii," alisema mwishowe. "Nitalima. Fundi aliyeitwa mwizi nani atampa kitambaa?"

"Kabla ya kulima, niambie ile habari ya kubana."

"Kubana vipi?"

"Ulisema kitambaa kilikubana. Kilikubana namna gani?"

Eliakim aliweka kikombe chini. Swali la kazi lilimwamsha kidogo. "Ni hivi. Mwaka jana nikikunja jora, mgongo unakaa hapa, mkono unakaa hapa kando, vizuri. Mwaka huu mkono unatoka nje. Inabidi niukate kwingine, pale juu, kwa hivyo kitambaa kinaisha haraka. Nikadhani ni macho yangu."

"Si ungepima?"

"Jora lina karatasi yake, Lenah. Nani hupima kitu chenye karatasi? Na sasa hakuna kilichobaki kizima cha kupimwa. Kila kitu kimekatwa."

Vidole vya Lenah vilikuwa vikitembea juu ya goti, kama vinavyofanya vidole vya mtu aliyezoea sindano. "Na vile virefu vyembamba?" aliuliza. "Vya mwisho wa jora. Unavikata kutoka upande mmoja mpaka upande wa pili?"

"Ndiyo. Vina kingo zote mbili, zile ngumu za kiwandani."

Alikuwa bado anamalizia neno hilo Lenah alipokwisha kutoka mlangoni. Alirudi na Waruguru, na Waruguru alikuwa na kishali cha mtoto mkononi. Kwenye pindo la kishali kile Lenah alikuwa ameshona kipande kirefu kizima cha mwisho wa jora, kwa kuwa alipenda ukingo wake mgumu usiofumuka. Eliakim akavuta futi ya kupimia shingoni mwake, alikosahau kuitoa tangu asubuhi, akapima.

"Thelathini na moja," alisema. Akapima tena. "Inchi thelathini na moja! Hili halikuwa jora la thelathini na sita. Lilikuwa jembamba."

"Bana, si basi imeisha!" Waruguru alipiga kofi. "Kesho tunapeleka hii kwa huyo mama."

Eliakim alitikisa kichwa. Furaha ilikuwa imempanda usoni, sasa ikashuka. "Atasema majora yamekuwa hivi miaka yote, na mwaka jana pajama sitini zilitoka. Lazima tuwe na cha mwaka jana tuviweke pamoja. Na cha mwaka jana hakipo."

"Kipo," Lenah alisema.

Wakatazamana, mtu na mkewe. Wote wawili walijua kilipokuwa, na wote wawili hawakupenda kupataja.

Krismasi iliyopita Lenah alikuwa amempelekea mama mkwe wake, Mama Bilha, blanketi la vipande, kazi ya miezi minne, lenye vipande mia mbili na kitu, na katikati yake vile virefu vya mwisho wa jora vikiwa vimepangwa kama njia. Mama Bilha alilinyanyua kwa vidole viwili mbele ya wanawake wa kanisa. "Mwanangu ni fundi mkubwa Kitale," alisema, "na mke wake ananiletea matambara." Wanawake walicheka. Lenah naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya jiko akalia hadi wali ukaungua.

"Mama amekwisha kulifanya dekio la sakafu," Eliakim alisema polepole.

"Hata dekio linapimika," Lenah alijibu.

*

Jumatano alipanda basi la asubuhi, akapita Kimilili, akashuka Kanduyi, akatembea kwa miguu hadi Kibabii akiwa na kifurushi cha masalio na sindano, kwa sababu hakujua kukaa bure. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alifika kwa Mama Bilha saa nane, akamkuta mwanamke huyo mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, amefunga lemba na anachemsha maji katika sufuria tatu.

"Mulembe, mayi," alimsalimu mama mkwe wake kwa Kibukusu.

"Mulembe. Umekuja vizuri. Shika hiyo sufuria."

Lenah alishika sufuria. "Mayi, nimekuja kwa sababu ya lile blanketi. Kuna shida kubwa. Eliakim..."

"Blanketi liko kazini," Mama Bilha alisema, na kutoka.

Lenah akamfuata na maji ya moto hadi nyumba ya tatu. Mle ndani mwanamke kijana aitwaye Nekoye alikuwa amepiga magoti, ameshika nguzo ya nyumba, uchungu wa kuzaa umemshika. Na kwenye kamba, mbele ya moto, blanketi la Lenah lilikuwa limetandazwa likipashwa joto. Lilikuwa safi. Lilikuwa limefuliwa hata vinyoya vyake vimepungua. Kwenye kona moja mtu alikuwa ameshonea vifundo vya uzi mwekundu, kimoja baada ya kingine, kumi na moja.

"Hivyo ni nini?" Lenah aliuliza kwa sauti ndogo.

Bibi mmoja aliyekuwa akikanda mgongo wa Nekoye ndiye aliyemjibu. "Ni watoto. Kila mtoto anayepokelewa ndani yake, Bilha anafunga uzi. Tangu Krismasi hajafa hata mmoja kwa baridi. Wanakuja kuliomba kutoka mbali. Wewe ndiye mwenye kulishona? Haya, karibu, karibu ndani! Hii ni mikono ya kupewa kuku."

Mama Bilha alijishughulisha na moto na hakugeuka, lakini masikio yake yalikuwa wazi.

Lenah alimweleza habari yote palepale, baina ya uchungu mmoja na mwingine: soko, pajama, viazi vilivyokanyagwa, Jumamosi saa sita. Mama Bilha alisikiliza akiwa amebana midomo. Aliposikia mwanawe alivyopekuliwa mbele ya watu, aliweka kuni chini.

"Watapata blanketi," alisema. "Lakini si kabla ya huyu. Mtoto aliye njiani haambiwi angoje Mzungu."

Na mtoto hakuwa na haraka. Jumatano ikapita. Alhamisi asubuhi Nekoye akazungushwa uani, akapewa uji, akatukana ukoo mzima wa mumewe, akarudishwa ndani. Lenah alikaa mlangoni akishona, maana moyo wake ulikuwa ukienda mbio na sindano pekee ndiyo iliyoweza kuupunguza mwendo. Alasiri, jua likiwa bado kali juu ya migomba, kilio chembamba kikatoka ndani, na wanawake wakapiga vigelegele hadi ndama wakakata kamba. Mvulana. Mama Bilha alimfunga ndani ya blanketi, akamkabidhi kwa mama yake, akafunga kifundo cha kumi na mbili.

"Sasa," alisema, "mtoto hatoki ndani yake mpaka awe na kingine cha joto. Una nini?"

Lenah aliinua kazi aliyoishona akingoja: kigauni cha mikono mirefu, kofia, na soksi mbili ndogo kama maganda ya karanga. Mama Bilha alivipokea. Safari hii alivigeuza ndani nje, akachunguza mishono, akapitisha kidole gumba penye mshono wa shingo kutafuta pa kukwaruza ngozi. Hapakuwapo. Akaenda kumvika mtoto.

Ijumaa asubuhi Lenah alipokuwa akilikunja blanketi, lililofuliwa na bado lina unyevu, alimwona mama mkwe wake ametoka na viatu vya kanisani na mwavuli.

"Mayi, unakwenda wapi?"

"Kitale. Unafikiri nitaliacha blanketi langu lipande basi peke yake?"

*

Jumamosi saa sita baraza la Velji halikuwa na pa kukanyaga. Waruguru alikuwa amezunguka Tuwan nyumba kwa nyumba, na sasa wanawake kumi na wanane walisimama pale na watoto wao wa mistari, wengine wamelala, wengine wakinyonya, mmoja akijaribu kula kitambaa cha kaunta. Memsabu Vifungo aliposhuka kwenye gari alisita, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Eliakim alisimama mbele. Alikuwa amevaa koti lake la harusi. "Memsabu," alisema, "kabla ya polisi, tunaomba upime vitu viwili tu. Upime wewe mwenyewe."

Lenah alitandaza blanketi juu ya meza ya kukatia. Pembeni akaweka kishali cha Waruguru. Alionyesha kwa kidole: hiki ni cha mwisho wa jora la mwaka huu, na huu ndio ukingo wake wa kulia, na huu wa kushoto. Hiki hapa ni cha mwaka jana, na kingo zake hizi. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka alipoanza, lakini alipofika kwenye kingo ilikuwa imetulia, kwa sababu juu ya kitambaa hapakuwa na mtu pale wa kumfundisha.

Memsabu alichukua futi kwa Velji. Akapima kishali. Midomo yake ikasogea. Akapima blanketi, akainama hadi pua yake karibu iguse kitambaa, akakagua ukingo kwa kucha kuona kama kuna kiungo kilichofichwa. Hata yule mtoto aliacha kula kaunta.

"Thelathini na moja," alisema. "Na hii... thelathini na nne na nusu." Akamgeukia Lenah. "Hii hapana thelathini na sita."

Mama Bilha, aliyekuwa amekaa juu ya kigoda na mwavuli wake kati ya magoti, aliuliza amesema nini, na alipoambiwa akainuka. Kiswahili hakikuwa chake sana, na kila "l" aliipa kazi ya "r" pale ilipomfaa.

"Mwambie nimerifua," alisema. "Kira mtoto, nafua. Maji moto, mara kumi na mbiri. Yeye nguo yake akifua maji moto haipungui?"

Memsabu alimtazama bibi yule. Akatazama tena vile vinyoya vilivyofifia. Huyu alikuwa mtu aliyefulisha pajama za watoto mia kwa miaka mingi, na kama kulikuwa na jambo alilolijua duniani ni flaneli na maji ya moto. Lenah aliona jambo hilo likimwingia, taratibu, kama chumvi inavyoyeyuka.

"Napungua," Memsabu alisema. "Ndiyo. Inchi moja. Moja na nusu." Akaweka futi mezani. "Bwana Velji, mwaka huu wewe nauza mimi kitambaa kidogo."

Velji alikuwa amekwisha kuichukua ile karatasi ya jora, anaigeuza mbele nyuma kana kwamba inchi tano zilizopotea zingeanguka kutoka ndani yake. "Mimi pia nadanganywa," alisema, na jasho lilikuwa la kweli. "Mwenye kuuzia mimi naandika thelathini na sita, mimi naamini. Mimi naandika barua leo! Pajama nane mimi natoa, kwa kitambaa yangu."

Memsabu aligeuka kutaka kwenda zake. Akafika ngazi ya kwanza, akasimama, akarudi. Alimwambia Eliakim, si kwa sauti kubwa, lakini waliokuwa karibu walisikia wote: "Fundi. Mimi nakosa." Kisha akamwendea Waruguru, akasimama mbele yake bila kujua aweke wapi mikono. Waruguru alimwacha asimame hivyo kwa muda aliouona unatosha. Halafu akageuka kidogo ili mtoto aonekane.

"Anaitwa Nyaruai," alisema. "Siku nyingine unauliza jina kwanza."

Gari lilipoondoka Velji alikwenda kuivuta cherehani mahali pake. "Kaa, Eliakim, kaa, kazi mingi."

Eliakim hakukaa. "Bwana Velji, ulinipekua mbele ya watu."

"Mimi naogopa yule mama. Wewe najua."

"Najua. Lakini ulinipekua mbele ya watu. Watu ni hawa hapa."

Velji aliwatazama wanawake kumi na wanane. Walimtazama. Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili juu ya tumbo, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara kwamba Eliakim Mukhisa si mwizi, hajapata kuwa mwizi, na kwamba yeye Velji angemsikiliza mwezi Mei asingekuwa na hasara ya pajama nane mwezi Julai. Waruguru ndiye aliyeanza vigelegele. Watoto wakaamka wote kwa pamoja, wakalia, na katika kelele hizo Lenah alimwona mumewe akicheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu mvua za Machi.

*

Mama Bilha hakurudi Kibabii siku ile, wala ya pili yake. Alisema anapumzisha miguu. Jumatatu asubuhi, Eliakim akiwa kazini na Jentrix amekwenda shule, Lenah alimkuta amekaa mlangoni penye jua na mfuko wa masalio mapajani, anajaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Ulimi ulikuwa umemtoka kidogo kando ya mdomo. Uzi ulipita kushoto, ukapita kulia.

"Mayi, nikusaidie?"

"Usinisimamie. Kaa chini."

Lenah alikaa bega kwa bega naye.

"Siku ile ya Krismasi," Mama Bilha alisema bila kuinua macho, "nilisema maneno. Nilikuwa nimewaambia wale wanawake kwamba utaniletea blanketi la dukani, lile jekundu. Nikaona aibu. Jioni yake mjukuu wa jirani akazaliwa kwenye baridi, hakukuwa na kitu kingine cha kumfunika. Nikachukua hilo." Uzi uliingia. Akauvuta hadi mwisho kwa ushindi. "Sasa nionyeshe. Kinaanzia wapi?"

Lenah alimchagulia pande la shingo na pembe ya kwapani, akamwonyesha jinsi ya kuvilaza uso kwa uso, akamshika mkono kwenye mshono wa kwanza. Mkono ule uliopokea watoto wa kijiji kizima ulikuwa mgumu kama kuni na haukuijua sindano. Mama Bilha alijichoma mara tatu, akaitukana sindano kwa Kibukusu, akaendelea. Mshono ulikwenda upande kama njia ya ng'ombe.

"Kitakuwa kigauni kizuri," Lenah alisema, akijizuia kucheka. "Unamshonea nani, mayi? Mtoto wa Nekoye?"

"Wa Nekoye umekwisha kumshonea." Mama Bilha alikata uzi kwa meno, akakiweka kipande chake kilichopinda juu ya tumbo la mkwe wake, akakinyoosha pale kwa kiganja kana kwamba anapima. "Huyu wa kwenu. Mnafikiri anakuja lini? Mimi naona Februari."

Lenah hakuwa amemwambia mtu, hata Eliakim. Yeye mwenyewe alikuwa bado anaogopa kuhesabu.

"Nimepokea wa kutosha," Mama Bilha alisema. "Mtu hanidanganyi anavyoshuka kwenye basi. Nipe kingine, hiki chenye mistari ya kando. Kazi iko nyingi na mimi nashona polepole."